Mtaa Unapoingia Darasani: Nyacheki, Shule na Lugha ya Mwanafunzi

Wapo walimu wanaoamini kwamba kengele ya asubuhi ikishalia na lango kufungwa, mtaa hubaki nje pamoja na kelele zake. Imani hii ndiyo inayowafanya wamwone mwanafunzi anayesinzia kuwa mvivu, anayekosa masomo siku ya soko kuwa mtoro, na anayeandika "kitabu yangu" kuwa mzembe wa lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtaa huingia darasani kila siku, tena kwa njia zinazoweza kuelezwa, na kwamba njia mojawapo, nayo ni ya lugha, inatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Mfano wetu ni Nyacheki, kituo cha biashara katika eneo la Bobasi, Kaunti ya Kisii, pamoja na vituo vingine vya Gusii vinavyofanana nacho. Nairobi nayo itatajwa, kwa kuwa huko ndiko uhusiano wa mtaa maskini na shule yake ulikochunguzwa zaidi nchini Kenya.

Huenda msomaji akauliza: je, Nyacheki nayo ni mji? Nyacheki ni jina la soko na la wadi, na ukitoka sokoni hatua chache unakutana na chai na migomba. Hata hivyo, mtaa wa mjini hautokani na maghorofa. Unatokana na watu wanaolala mahali wasipolima, wanaolipia chumba kila mwisho wa mwezi, na wanaonunua kila wanachokula. Kwa kigezo hicho, nyuma ya maduka ya vituo vingi vya Gusii pamezuka mitaa halisi ya mjini, ingawa ramani haijaipa jina.

Kituo na Watu Wake

Asili ya mitaa hii ni ardhi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba moja, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa watu 82. Kwa desturi ya Abagusii, shamba hurithiwa na wana wa kiume. Tuseme babu aliacha ekari nane, akawa na wana wanne; kila mwana alipata ekari mbili. Mwana huyo naye akizaa wana wanne, kila mjukuu hupata nusu ekari. Nusu ekari ya chai na migomba haiwezi kulisha nyumba na kulipa karo kwa wakati mmoja. Basi mjukuu huyu huikodisha au huiuza, akanunua pikipiki ya bodaboda, na kuhamia karibu na barabara.

Kundi la pili ni la wanawake. Mwanamke aliyetengana na mumewe aghalabu hujikuta hana shamba kwa mume wala kwa babake, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa aina hiyo katika masuala ya ardhi. Akiwa na watoto watatu na mtaji mdogo wa mboga au mitumba, mahali panapompokea bila kumwuliza maswali mengi ni ploti, yaani safu ya vyumba vya kukodisha.

Kundi la tatu lilikuja kwa ghafla. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizirudisha Gusii familia nyingi zilizokuwa zimeishi Bonde la Ufa kwa miaka mingi. Baadhi zilipokewa na jamaa, baadhi zikapanga vyumba katika vituo vya biashara, na watoto wao wakaingia katika shule zilizokuwa karibu. Watoto hawa walikuwa Wagusii kwa majina, lakini wengi wao walizungumza Kiswahili kuliko Ekegusii. Tutawarejelea baadaye.

Shule ya kituo, kwa hiyo, huwa na watoto wa aina mbili katika dawati moja: watoto wa mashamba wanaoteremka vilimani asubuhi, na watoto wa ploti wanaovuka barabara tu. Mwalimu huwaona wote wakiwa wamevaa sare moja. Sare, jamani, huficha mengi.

Chumba Kimoja

Tuanze na usingizi. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Nyansongo katika miaka ya 1950, walieleza boma la Kigusii kuwa lenye mpangilio mahususi wa mahali pa kulala. Mvulana akishatahiriwa, halali tena nyumbani mwa mamake. Huhamia esaiga, nyumba ndogo ya vijana. Sababu ni chinsoni, yaani haya na heshima inayotenganisha kizazi cha mzazi na kile cha mwana. Desturi hii ingali hai, na tohara hufanyika wakati wa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, mara nyingi kwa wavulana ambao bado wako katika shule ya msingi.

Sasa ihamishie desturi hiyo katika chumba kimoja cha ploti. Mna kitanda cha mama, pazia, jiko, mitungi ya maji, na godoro linalotandikwa sakafuni usiku. Esaiga haipo, wala hapana nafasi ya kuijenga, kwa kuwa kiwanja ni cha mwenye ploti. Mvulana anatahiriwa Desemba, anashangiliwa, na Januari anarejea darasani akiwa, kwa mujibu wa desturi, mtu asiye na mahali pa kulala. Ana njia mbili. Anaweza kwenda kulala kwa nyanya yake kijijini, na kuteremka alfajiri kila siku. Au anaweza kujiunga na vijana waliopanga chumba chao wenyewe, wengi wao wakiwa waendesha bodaboda, wapakiaji wa mizigo na wachunaji wa chai ya kibarua.

Njia ya pili ndiyo inayobadilisha kila kitu, ingawa hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Katika chumba cha vijana hakuna anayemwuliza kama amefanya mazoezi ya hesabu. Taa huzimwa wanapotaka wao. Siku ya soko kuna mizigo ya kushusha, na anayelala bure hutarajiwa kusaidia. Hupewa shilingi chache, na shilingi hizo ni fedha za kwanza maishani ambazo hakuziomba kwa mtu. Rejista ya darasa itaandika kwamba hakuwapo. Haitaandika kwamba alikuwa analipa malazi.

Msichana hahamishwi chumbani, na kwa hiyo shule humwona kila siku. Lakini yeye ndiye anayelinda kibanda mama anapofuata bidhaa, na ndiye anayesoma nyuma ya pazia wageni wa mama wanapozungumza.

Kuna pia suala la kuhamahama. Kodi ikichelewa miezi miwili, familia hufungasha usiku na kwenda kupanga upande wa pili wa soko, au katika kituo kingine kabisa. Tangu mwaka 2017, wizara ilipoanzisha mfumo wa NEMIS wa kuwasajili wanafunzi kwa njia ya kompyuta, mtoto alihitaji cheti cha kuzaliwa ili aingizwe katika hesabu ya mgao wa fedha za serikali. Mtoto ambaye cheti chake kilipotea katika kuhama, au hakikupatikana tangu awali, huketi darasani, hula chaki ya wenzake, lakini mgao wake hauji. Shule zenye watoto wengi wa aina hii hufundisha watu wengi kuliko wale wanaolipiwa.

Sera ya elimu yenyewe imeongeza nguvu ya chumba hiki. Mwaka 2008 serikali ilianza kugharamia masomo ya sekondari za kutwa kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2018 kiasi hicho kilifikia shilingi 22,244. Watoto wengi maskini walipata sekondari kwa njia hiyo, na jambo hilo halina budi kusifiwa. Lakini zamani, mtoto aliyefaulu darasa la nane aghalabu aliondoka mtaani kwenda shule ya bweni, iwapo jamaa waliweza kumchangia. Wa shule ya kutwa hurudi jioni kwenye chumba kilekile, kwa miaka kadhaa zaidi. Bweni lake ni mtaa.

Shilingi 1,020

Serikali ya NARC ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini iliruka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi zaidi ya milioni 7. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kujifunzia, na 370 za matumizi mengine ya shule. Baadaye kiasi hicho kiliongezwa hadi 1,420. Kiwango kilikuwa kimoja kwa shule zote za umma, na usawa huo ulionekana kuwa ndiyo haki.

Linganisha shule mbili. Ya kwanza iko katikati ya mashamba. Mzazi asiye na fedha huleta kuni, debe la mahindi, mkungu wa ndizi au nguvu zake siku ya kuchimba msingi wa darasa. Ya pili iko kando ya soko. Mzazi wake hana kuni wala mahindi. Hivyo vyote yeye mwenyewe huvinunua. Uwanja wa shule ni njia ya mkato ya kuelekea sokoni, ua hubomolewa kila muhula, na madirisha huhitaji vyuma kwa sababu madawati huibwa. Shule hii huhitaji bawabu, ua na maji ya kununua, na huhitaji chakula cha mchana zaidi kuliko ile ya kwanza. Hata hivyo, mgao wao ni sawa kwa senti ya mwisho. Tofauti hulipwa na mtoto, kwa kutumwa nyumbani kuleta "pesa kidogo" ambazo kisheria si karo.

Nairobi inatuonyesha pale njia hii inapofikia. Shule za umma zinazohudumia Kibera, kama vile Olympic, Ayany na Toi, ziko pembezoni mwa mtaa, wala si ndani yake. Olympic ilikuwa imejipatia sifa kwa matokeo mazuri ya KCPE, jambo linalotosha kuwanyamazisha wanaodai kwamba mtaa maskini hauwezi kuzaa wanafunzi hodari. Baada ya 2003 madarasa yake yalifurika kiasi kwamba baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto. Waliwapeleka wapi? James Tooley na Pauline Dixon, waliofanya utafiti Kibera mwaka huohuo wa 2003, walihesabu shule 76 za watu binafsi ndani ya mtaa, nyingi zikiwa za mabati na mbao. Watafiti wa kituo cha APHRC nao, waliofuatilia familia za Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, waligundua kwamba wengi miongoni mwa maskini walikuwa wakilipia shule hizo ndogo ilhali elimu ya umma ilikuwa ya bure. Sababu si ukaidi. Shule ya mabati iko karibu, mtoto havuki barabara kuu, na mwenye shule hukubali karo kwa vipande vidogo, kwa kuwa naye anaishi palepale na anajua biashara ya mboga hulipa lini.

(Hata kuuhesabu mtaa ni kazi. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Anayepanga shule kwa kufuata idadi ya kwanza na anayepanga kwa kufuata ya pili hawajengi nchi moja.)

Shule iliyojengwa na mtaa hubeba pia hatari za mtaa. Julai 23, 2018, tingatinga zilipopisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, shule zilizokuwa Kibera zilibomolewa pamoja na nyumba, na watoto wakakuta vifusi. Septemba 23, 2019, darasa la ghorofa la shule moja ya watu binafsi huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka asubuhi na kuwaua wanafunzi 8. Akademia za mabati za vituo vya Gusii hazijafikia msongamano wa Ng'ando, lakini zimeanza kwa sababu zilezile.

Tusitie chumvi, hata hivyo, kana kwamba shule haiwezi kuujibu mtaa. Mpango wa Dishi na Kaunti ulioanzishwa Nairobi mwaka 2023 umewapa watoto chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mtoto aliyekuwa akibaki sokoni saa saba kutafuta chakula ana sababu ya kubaki shuleni. Nyacheki haina mpango kama huo.

Lugha ya Ploti

Hapa ndipo penye kazi yetu. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa sera umekuwa kwamba mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Mashambani ni lugha ya mama, na mijini, penye mchanganyiko wa makabila, ni Kiswahili. Ripoti ya Mackay ya 1981 ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mfumo wa 8-4-4 ukalitekeleza jambo hilo kuanzia 1985. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4 haujaondoa swali la msingi: eneo la shule ni lipi? Shule ya kituo ina maeneo mawili. Vilimani ni Ekegusii. Katika ploti ni Kiswahili, tena Kiswahili cha bara kilichochanganyika na Sheng iliyoletwa na matatu, redio na vijana waliorejea kutoka Nairobi na Nakuru.

Kiswahili si mgeni Gusii. Mjini Kisii, Wanubi, wazawa wa askari wa King's African Rifles, wamekuwapo tangu enzi za ukoloni. Jipya ni kwamba sasa kuna watoto wa Kigusii ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza, nacho si Kiswahili cha vitabu. Ni makosa kudhani kwamba mtoto huyu ana faida katika somo letu. Tuyatazame makosa ya wote wawili kwa jicho la kiisimu.

Mtoto wa mashamba huandika "kurara" badala ya "kulala", na "masiwa" badala ya "maziwa". Ekegusii haina /l/ wala /z/, kwa hiyo sikio lake huzipeleka sauti hizo kwa jirani zilizo karibu zaidi, /r/ na /s/. Katika imla ataumia. Lakini mwulize upatanisho wa kisarufi. Kwao kitabu ni egetabu, mtu ni omonto na watu ni abanto. Lugha yake ina ngeli, na ngeli hizo hutawala sentensi nzima kama zinavyofanya katika Kiswahili sanifu. Anachohitaji ni kujifunza umbo la kiambishi. Hahitaji kufundishwa kwamba nomino hudai upatanisho, kwa kuwa alilijua hilo kabla hajajua kushika kalamu.

Mtoto wa ploti hutamka /l/ na /z/ bila shida. Huzungumza haraka, hutania, hujibu kabla ya swali kuisha. Kisha huandika: "Nilichukua ile kitabu yangu yenye ilikuwa kwa kiti." Mwalimu hupiga mistari mitatu myekundu na kuandika "Ngeli!" kando yake. Lakini hebu tuitazame sentensi hiyo upya. "Kitabu yangu", "kiti yangu", "mti yangu", "shati yangu": mtoto huyu hakosei ovyo. Anafuata kanuni moja, tena thabiti. Chenye uhai hupatanishwa kwa A-WA, na kisicho na uhai hupatanishwa kwa umoja wa I-ZI. Ni ngeli chache, si ukosefu wa ngeli. Vivyo hivyo "yenye ilikuwa": neno "-enye" limechukuliwa likafanywa kirejeshi, likachukua nafasi ya "ambayo" na ya "iliyokuwa". Kila anayezungumza Kiswahili cha bara huielewa kazi yake. Chege Githiora, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Sheng mwaka 2018, aliichukulia kuwa Kiswahili cha Kenya kinachokua, wala si takataka za lugha. Mtu anaweza kupinga baadhi ya hoja zake. Mimi mwenyewe sikubaliani na kila kitu kinachosemwa kwa niaba ya Sheng, na nadhani mwanafunzi ananyimwa haki asipofundishwa lugha sanifu inayotahiniwa. Ila kufundisha lugha sanifu ni jambo moja, na kumwambia mtoto kwamba hana lugha ni jambo jingine.

Nchini Marekani mjadala huu ulikwisha kufanyika. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na wanasaikolojia waliodai kwamba watoto Weusi wa mitaa maskini huja shuleni wakiwa na upungufu wa lugha. William Labov, katika makala maarufu ya mwaka 1969, alieleza mahojiano ya mtoto wa miaka minane wa Harlem, New York. Mtoto huyo alipohojiwa na mtu mzima, ingawa mtu huyo alilelewa mtaani humohumo, alijibu neno moja moja tu. Katika mahojiano yaliyofuata, mhojaji alikuja na pakiti ya viazi vya kukaangwa, akamleta na rafiki wa mtoto, akaketi sakafuni, na akayataja maneno ambayo wakubwa hawayataji mbele ya watoto. Watoto wale wawili wakawa wananyang'anyana nafasi ya kusema. Upungufu haukuwa kwa mtoto. Ulikuwa katika hali aliyowekwa.

Katika shule nyingi za Kenya hali hiyo huwekwa kwa kibao. Anayesikika akizungumza lugha ya mama hupewa kipande cha ubao abebe, naye humtafuta mwenzake mwenye kosa hilohilo amkabidhi. Wa mwisho jioni huadhibiwa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini kibao hakikuondoka katika kila shule. Kwenye vituo vya biashara kibao huwanasa watoto wote wawili: wa mashamba kwa Ekegusii, wa ploti kwa Sheng. Wa mashamba angalau hurudi nyumbani ambako lugha yake inaheshimiwa na wazee. Wa ploti hana mzee anayekitetea Kiswahili chake; hata mamake humwambia kwamba anaongea kihuni. Matokeo yake ni mwanafunzi aliyekuwa msemaji mno nje ya darasa na bubu ndani yake, na mwalimu huandika katika ripoti: "Hashiriki."

Niruhusiwe kutoa ushuhuda. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kutwa iliyo kando ya soko, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha ya siku ambayo hawataisahau. Wengi waliandika kuhusu ajali za barabarani walizozisoma katika vitabu vya marudio, zikiwa na methali tatu katika aya ya kwanza na jogoo aliyewika katika sentensi ya kwanza. Mvulana mmoja wa ploti aliandika kuhusu asubuhi ambayo mwenye ploti alikuja na fundi akang'oa mlango wa chumba chao kwa sababu ya kodi, akaenda nao begani. Mama yake alitundika leso mahali mlango ulipokuwa, akawapikia uji kama siku zote. Usiku mvulana aliketi nyuma ya leso hadi kulipokucha. Insha ilikuwa fupi, bila methali hata moja, na imejaa "mlango yetu", "chumba yetu" na "leso yenye mama alitundika".

Nilimpa alama 6 kati ya 20. Chini nikaandika: "Zingatia upatanisho wa kisarufi." Sikuandika neno jingine. Nilikuwa na daftari zaidi ya hamsini za kusahihisha, na nilikuwa nimesomea ngeli kwa miaka miwili. Ngeli ndizo nilizoziona. Niliporudisha daftari, alisubiri wenzake watoke, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani uliisoma?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesahihisha ukurasa mzima bila kuusoma. Juma lililofuata nilichora ubaoni safu tatu. Katika ya kwanza niliwaomba watoto wa mashamba waandike "kitabu changu", "mlango wetu" na "chumba chetu" kwa Ekegusii, na darasa likaangua kicheko, kwa kuwa kibao cha lugha ya mama kilikuwa dirishani. Katika ya pili watoto wa ploti waliandika wanavyosema wao sokoni. Katika ya tatu tuliandika Kiswahili sanifu. Kisha nikawauliza ni wapi neno la pili linabadilika kulingana na la kwanza, na ni wapi halibadiliki. Watoto wa mashamba ndio waliogundua kwanza kwamba safu ya kwanza na ya tatu ni ndugu. Watoto wa ploti ndio waliogundua kwamba safu yao ina kanuni, nao waliieleza kwa lugha yao wenyewe: "Kama si mtu ama mnyama, unaweka yangu." Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi ya jambo hilo, hata katika mihadhara yetu.

Mvulana yule aliiandika insha yake tena. Katika nakala ya pili aliandika "mlango wetu" na "chumba chetu", na akakumbuka kuongeza kwamba bawaba zilibaki ukutani. "Leso yenye mama alitundika" aliiacha ilivyo. Nilipomwuliza sababu, alisema kwamba hivyo ndivyo walivyoiita nyumbani wiki nzima, mpaka mlango uliporudi.